Alhamisi Betri Zilipokuwa kwa Kinyozi

Najua kumbukumbu za maisha huandikwa na watu wenye mvi, waliokwisha kustaafu, wenye kiti cha kuegemea na dawa za presha mezani. Mimi niko kidato cha tano, na kitu pekee kinachoniuma mgongo ni godoro la bweni. Lakini upo mwaka mmoja ambao nikiusubiri uzee ndipo niuandike, nitakuwa nimekwisha kuuremba, kwa sababu kuremba ndiyo kazi ninayoiweza kuliko hesabu. Tena muhula huu kitanda cha juu yangu amepewa msichana anayeitwa Asimwe, anayetoka Rubafu. Siku ya kwanza, tukitandika, aliniuliza nilisoma wapi sekondari ya chini. Nikamwambia Nshamba, kwa babu yangu. Akauliza babu gani. Nikamtaja kwa madaha, Ta Leonidasi, maana Nshamba ukilitaja jina hilo unapewa kiti. Asimwe akaliacha shuka lake linining'inie usoni. Akasema, bila ukali wowote, kama mtu anayesema nje kuna mawingu, "Huyo ndiye ambaye hakuja kumzika babu yangu." Mimi huwa na utani tayari mdomoni kabla mwenzangu hajamaliza sentensi. Ule nikaumeza, na mpaka leo sijui ulikuwa utani gani.

Kwa nini nilipelekwa kuishi kwa Babu mwaka ule wa kidato cha pili, hilo haliko kwenye sura hii. Kilichopo ni sebule. Sebule ya Babu ilikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya parokia, picha ya Moyo Mtakatifu, na kwenye rafu ya peke yake, chini ya kitambaa kizuri kuliko gauni langu la Jumapili, redio. Ilikuwa redio kubwa ya kumeza betri kubwa nne, nayo haikufunguliwa kwa muziki wala mpira. Ilifunguliwa jioni kwa taarifa ya habari, halafu kwa kile hasa Babu alichokuwa akikisubiri: matangazo ya vifo. Asiye wa kwetu anaweza kuona ajabu, lakini kwetu kifo kisichotangazwa redioni ni kama hakijakamilika. Anatajwa marehemu, linatajwa kanisa, inatajwa saa ya mazishi, halafu yanafuata majina: habari ziwafikie fulani wa Kamachumu, fulani wa Nshamba, fulani popote alipo. Ukishatajwa, umeambiwa. Hakuna mtu atakayekuja mlangoni kukwambia tena. Babu hakuwa na simu, alisema simu ni kifaa cha watu wasioweza kutembea. Bibi alikuwa na kitochi chake, lakini namba yake waliijua binti zake tu, na walipiga kumuuliza kama amekula.

Kwa hiyo majirani walizoea kupita kwetu kila jioni, wakisimama mlangoni na kuuliza, nani leo? Babu aliwajibu kwa heshima, akijua nani wa ukoo gani, nani aliolewa wapi, nani asipoonekana mazishini atasemwa. Mimi nilimpa jina la Redio Tanzia. Alilisikia, akanikemea, kisha nikamsikia akimsimulia Bibi jikoni, na wote wawili wakicheka kimyakimya kama watoto walioiba sukari. Hapo nilijifunza kitu kibaya, kwamba Babu anaweza kushindwa kwa kicheko. Ukimwomba kitu kwa adabu, anakataa. Ukimwomba kwa sauti ya paroko, au ya mwenyekiti wa kijiji anapokohoa kabla ya kudanganya, anafunika uso kwa kiganja, mabega yanatikisika, na kitu unakipata. Nilipata ruhusa za kutosha kwa njia hiyo. Na betri nilizipata hivyohivyo.

Shuleni tulikuwa na klabu ya mazingira, ambayo nilijiunga nayo kwa sababu mikutano yake iliangukia kipindi cha kulima shamba la shule. Mwalimu wa klabu alitueleza kwamba betri zilizokwisha, zikitupwa ovyo, huoza na sumu yake huingia ardhini. Nyumbani Bibi alikuwa akizitupa kibanjani, shambani nyuma ya nyumba, chini ya migomba, pamoja na maganda na majivu, kama alivyofanya mama mkwe wake. Nikamwambia Babu wakati wa chakula kwamba migomba yake siku moja itaanza kusoma taarifa ya habari. Alicheka, lakini asubuhi nilimwona na jembe, akichimbachimba kwenye mashina. Alirudi na betri kadhaa kiganjani, zimevimba, zimepasuka, zinatoa ute wa kahawia. Aliziweka mezani, akaziangalia kwa muda mrefu bila kunywa chai yake. Mhaya unaweza kumsema mambo mengi, akakusamehe. Kibanja chake usikiguse.

Wakati ule ule klabu ikatangaza mashindano: atakayeleta betri mbovu nyingi kuliko wote atapewa chaja na betri za kuchaji. Nilipita nyumba hadi nyumba na kikapu cha Bibi cha kuvunia kahawa, nikiwatisha wazee kwa habari za sumu na kuwachekesha vijana, na watu wakanitolea betri kutoka chini ya vitanda, juu ya madari, hata moja iliyokuwa imezibia tundu la panya. Zikabaki za Babu. Babu alikuwa na betri nusu mfu alizozipanga juu ya bati la jiko, zipate jua. Betri hizo haziwezi kuendesha redio usiku mzima, lakini zikipashwa joto hupata pumzi ya robo saa, na robo saa inatosha kwa matangazo ya vifo. Aliziita askari wa akiba. Nilipoziomba alikataa. Nikaziomba tena kwa sauti ya paroko anapowaomba waumini sadaka ya pili, nikiongeza kwamba Bwana anampenda atoaye betri kwa moyo mkunjufu. Akafunika uso kwa kiganja. Nikapanda juu ya pipa, nikawachukua askari wote.

Nilishinda. Nilirudi nyumbani na chaja, betri nne ndogo, na vikopo vinne vya plastiki ambavyo betri ndogo huvaa ili itoshe mahali pa betri kubwa. Babu alizitazama zilivyokaa kwenye redio, akasema zinafanana na mtoto aliyevaa koti la baba yake. Lakini redio ilisema, na ilisema vizuri. Kuanzia hapo tulizihamisha kama watu wa nyumba moja wanaogombea jozi ya viatu: jioni kwenye redio, Babu akitaka kwenda zizini mbili zinaingia kwenye tochi, saa ya ukutani ikisimama inaazimwa moja. Umeme ulikuwa haujafika kwa Babu, kwa hiyo zikiisha nilizipeleka asubuhi, nikienda shule, kwa Deus, kijana aliyekuwa na saluni ya kunyoa pale Nshamba senta, nikazichukua jioni zimeshiba. Kasoro niliiona mapema, na niliifanyia mzaha. Betri za zamani zilikufa kama wazee, taratibu, zikiaga, mtangazaji akivuta maneno kama mlevi, unajua kabisa kesho au kesho kutwa mwisho umefika. Hizi mpya zilikata katikati ya neno. Babu hakulipenda jambo hilo. Alisema kitu kisichougua kinatisha.

Ikawa Alhamisi. Nilipotoka shule nilipita kwa Deus, nikamkuta amekaa kwenye kiti chake mwenyewe cha wateja, umeme umekatika tangu asubuhi, na mteja mmoja amenyolewa upande mmoja, anasubiri na taulo kichwani. Betri zangu zilikuwa kwenye chaja, zina njaa ileile niliyoziacha nayo. Deus akasema niziache, umeme ukirudi zitashiba, nipitie kesho. Nikaziacha. Pale pale senta palikuwa na duka lenye betri za kawaida, na asubuhi ile Babu alikuwa ameniambia, kama zile hazitakuwa tayari, nichukue angalau za kupitishia jioni moja. Nilifika nyumbani mikono mitupu. Babu aliniuliza ziko wapi. Nikamweleza ya umeme na ya yule mteja wa nusu kichwa, nikamwigiza, na alipouliza kuhusu zile za dukani nikamwambia, "Babu, baada ya kelele zote nilizopiga kijiji kizima, leo nionekane nanunua betri za kutupa? Siku moja tu. Kwani nani anakufa Alhamisi?"

Alitikisa kichwa, lakini alikuwa anatabasamu. Tulikula ndizi na maharage, Bibi akaleta chai ya rangi. Saa ya matangazo ilipofika Babu aliitazama rafu, na mkono wake ukaenda kidogo kuelekea kule, kisha ukarudi. Nilimhurumia, au nilijiambia namhurumia. Labda niliona tu jukwaa tupu. Nikasimama nyuma ya kiti, nikajifunika kile kitambaa cha redio kichwani, nikaanza. Yule mtangazaji nilikuwa nimemwiga tangu mwanzo wa mwaka, ile namna anavyovuta pumzi kabla ya jina, anavyoshusha sauti kwenye neno mpendwa. Nikatangaza kwamba familia ya Ma Paskazia, jirani yetu, inasikitika kutangaza kifo cha beberu wao mpendwa, aliyefariki baada ya kula kanga ya kanisani, kwamba mazishi yatafanyika kesho ndani ya sufuria, na habari ziwafikie mbuzi wote wa Kamachumu, kondoo wa Nshamba, na jogoo wa katekista popote alipo. Bibi alisema nitaadhibiwa, akaishia kucheka hata kabla ya jogoo. Babu alicheka mpaka chai ikammwagikia kwenye suruali, akawa anajifuta na huku anaomba nirudie pale pa jogoo. Nikarudia. Nilirudia kila alipoomba, na siku ile ilikuwa mara nyingi. Sijawahi kumwona mtu mzima amefurahi vile kwa sababu yangu. Kama mwaka ule ungeishia hapo, ningesema huo ndio ulikuwa mwaka wangu mzuri.

Kumbe katika dakika hizohizo, redio za wengine zilikuwa zinamtangaza Ta Yeremia wa Rubafu, na jina la kwanza kabisa kati ya wale ambao habari ziwafikie lilikuwa la Babu.

Inabidi nieleze Ta Yeremia alikuwa nani. Alikuwa mnywani wa Babu. Zamani, kabla hata Babu hajaoa, watu hao wawili walikaa kwenye mkeka mmoja, wakajichanja tumboni, wakachukua punje mbili za kahawa zilizotoka kwenye tunda moja, kila mmoja akapaka yake damu, wakabadilishana, wakameza. Mmoja Mkatoliki, mwingine Mlutheri, na mapadre na wachungaji wote walilikataa jambo hilo, lakini punje zilikuwa zimeshashuka. Baada ya hapo watoto wa huyu ni watoto wa yule. Nyumba ya mwenzako ni yako, na siku ya kufa kwake wewe husimami na wageni. Unasimama na wanawe, unatupa udongo pamoja nao. Na Babu alishanisimulia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mtu akimsaliti mnywani wake ile punje aliyoimeza inamvimba tumboni.

Ijumaa, siku ya mazishi, Babu alishinda kibanjani akikata majani makavu ya migomba. Watu walimwona. Nusu ya kijiji ilikuwa imesikia tangazo, kwa hiyo Alhamisi hakuna aliyepita mlangoni kuuliza, wala hakuna hata mmoja aliyemwambia, kwa sababu nani anamwambia Ta Leonidasi habari za kifo? Yeye ndiye huwaambia wao. Tena ametajwa kwa jina. Waliomwona na panga wakadhani amekosana na Rubafu, na mambo ya wanywani hayaingiliwi. Jioni hiyo wachache walipita mbali na mlango wetu, na hakuna aliyeuliza nani leo. Mimi nilikuwa nimeshazichukua betri kwa Deus, zimejaa, na tukasikiliza matangazo kama kawaida, ya watu wengine.

Alijua Jumapili, nje ya kanisa, baada ya misa. Nilikuwa hatua chache kutoka kwake, nawaonyesha wenzangu jinsi kiongozi wa kwaya anavyofumba macho. Ma Paskazia alimsogelea, akamsalimia kwa goti, akamuuliza kwa upole, "Ta Leonidasi, waitu, mlikosana nini na Yeremia hata usimzike?" Nilimsikia Babu akiuliza, "Yeremia yupi?" Halafu hakungoja jibu. Alivua kofia. Akauliza lini. Ma Paskazia, ambaye sasa alikuwa ameelewa, akasema walitangaza Alhamisi. Babu aligeuka akanitafuta kwa macho, na aliponipata hakunitazama kwa hasira. Laiti ingekuwa hasira. Alinitazama kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba Alhamisi ilikuwepo kweli, na mimi nilikuwemo. Kisha akakaa chini pale kwenye ngazi ya kanisa, watu wakipita pembeni yake na nguo zao nzuri. Tulipofika nyumbani aliichukua redio, akaiwasha. Ilisema kwa sauti ya afya kabisa. Akaizima, akairudishia kitambaa chake.

Nimesoma vitabu ambamo mkosaji halali wala hali. Mimi nililala na nilikula. Kilichonipata ni kwamba kila asubuhi, Babu akijinyoosha mlangoni, nilikuwa nalichungulia tumbo lake. Nilisoma baiolojia, nilijua kahawa haivimbi tumboni mwa mtu miaka yote hiyo. Na bado nilichungulia. Tumbo halikuvimba, lilipungua. Shati lilianza kumning'inia, na Bibi akawa anampakulia zaidi, naye anaacha zaidi. Nilijaribu kumchekesha. Nilimleta paroko, nikamleta mwenyekiti na kikohozi chake. Babu alitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyeletewa zawadi ambayo haimtoshi na hataki kumwaibisha aliyeleta. Asimwe aliniuliza bwenini, hivi kwa nini hamkusema tu kwamba hamkusikia. Nikamwambia tulikwenda kusema. Yeye alikuwa shule siku hiyo.

Tulikwenda Rubafu, Babu na mimi. Alivaa koti lake la harusi na mazishi, akabeba rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye dumu, mimi nikabeba mkungu wa ndizi kichwani na kimya ambacho sikukizoea. Alitupokea Elisha, mtoto mkubwa wa Ta Yeremia, baba yake Asimwe. Nilipiga goti nikamsalimia, akaitikia. Alitukaribisha ndani, akatuonyesha viti, akauliza hali ya Nshamba, ya mvua, ya kahawa, na wazee wengine wa ukoo wake walikuwa wamekaa pembeni. Kila kitu kilikuwa sawasawa, isipokuwa kimoja. Kwetu mgeni akishakaa, huletewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Hata mpita njia anayeuliza njia huletewa. Kikapu kilikuwepo juu ya meza, nilikiona, na kilizunguka kwa wale wazee, na kilipofika mbele ya Babu mkono uliokishika ukakirudisha mezani. Babu akajifanya anatazama nje.

Elisha akamuuliza kama alisikia tangazo. Babu akasema hakusikia. Elisha akasema, kwa heshima ambayo ilikuwa mbaya kuliko tusi, kwamba baba yake alipougua aliagiza, nikifa msihangaike kumtumia mtu Leonidasi, mtajeni tu redioni, redio ile haijawahi kunyamaza. Babu akasema, "Siku ile haikuwa na betri." Mmoja wa wale wazee akakohoa kicheko. Haikuwa na betri ndicho kisingizio cha kila mtu aliyewahi kukwepa msiba tangu redio zilipoingia Kagera. Ni kama kumwambia mwalimu daftari limeliwa na mbuzi.

Babu alikuwa amenionya njiani nisifungue mdomo. Nikaufungua. Nilisema yote, ya klabu, ya askari wa akiba, ya vikopo vya plastiki, ya Deus na mteja wa nusu kichwa, na ya beberu wa Ma Paskazia na jogoo wa katekista. Nilikuwa nasema kweli, na nilisikia mwenyewe inavyotoka. Ninavyosema mimi, kila kitu huwa na mkia wa kichekesho. Hata nikilia. Wale wazee walianza kucheka kwenye vikopo vya plastiki, na nilipofika kwa mteja wa nusu kichwa walikuwa wanapigana mabega. Kwa yule jogoo hakuna aliyecheka. Elisha alinisubiri nimalize, akamgeukia Babu. "Tata," alisema, "tulikungoja na kaburi wazi mpaka jua linazama. Sasa umetuletea mchekeshaji?"

Babu alisimama. Aliomba kitu kimoja, aonyeshwe mahali alipolala Yeremia. Hilo halikataliwi. Lilikuwa kibanjani, nyuma ya nyumba, kati ya migomba, udongo bado haujashuka. Babu alivua kofia na viatu. Mimi nilibaki nyuma kidogo, naye akaanza kuongea Kihaya, kwa sauti ya mazungumzo tu, kama wanavyoongea wazee wawili waliokutana njiani.

"Yeremia, ni mimi Leonidasi. Nimechelewa, na watu wako hawajanipa kahawa, na ni haki yao. Ulitangazwa, sikusikia. Siku hizi kwangu tuna betri ambazo hazitupwi. Zikiisha zinapelekwa senta kwa kijana anayenyoa, anazichomeka kwenye umeme, zinashiba, zinarudi. Ungezipenda, wewe ulikuwa bahili. Siku hiyo umeme ulikatika zikiwa huko." Nilidhani amemaliza. "Lakini nimekuja kukwambia jingine, maana hakuna mwingine atakayekwambia. Saa uliyokuwa unatajwa, mimi nilikuwa nacheka. Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Sikuwa na dalili yoyote, Yeremia. Moyo haukunigutua. Wanasema mnywani huhisi. Mimi sikuhisi kitu. Nilikuwa na furaha."

Hakunitaja. Alisema nilicheka, kama vile mtu hucheka mwenyewe, bila kuchekeshwa. Niliposikia hivyo nilitamani angenitaja. Angesema tu, nina mjukuu mpumbavu, Yeremia, ungemwona. Hata wafu hakutaka kunishitaki kwao. Aliinama, akachukua udongo kidogo, akautupa juu ya kaburi kwa mkono wa kulia, peke yake, kazi ambayo ilikuwa ifanywe na wanaume wengi kwa pamoja. Tulipogeuka, Elisha alikuwa amesimama kwenye migomba nyuma yetu, na sijui alikuwepo tangu lini, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia. Alimtazama Babu miguu mitupu kwenye tope. Akasema, "Yeye amekusikia. Mimi bado." Kisha akaokota viatu vya Babu, akamwekea mbele yake, akarudi nyumbani.

Nilitegemea Babu atazitupa zile betri. Kwa kweli nilizificha viatuni mwangu siku kadhaa, nikidhani namwondolea asizione. Alizidai. Aliziweka kwenye redio mwenyewe, na vikopo vyake, akanituma niulize kwa Deus kama zinapatikana nyingine nne, ili nne zikiwa kazini nne ziwe zinashiba. Kibanja chake hakijawahi kuona betri tena. Nilimuuliza kwa nini asirudi kwenye zile za zamani tu. Alisema betri hazina kosa, na hakuendelea kusema nani analo. Majirani walirudi kidogokidogo mlangoni kuuliza nani leo, lakini walikuwa wakimalizia kusikiliza kwao kwanza, halafu ndipo wanakuja, na Babu alilijua hilo. Mimi nilimaliza kidato cha nne pale pale, na sikumwiga tena yule mtangazaji. Hakuna aliyenikataza.

Muhula huu, bwenini, nilifikiri nimwambie nini Asimwe. Nilimwambia yote, akasikiliza akiwa amelala chali juu yangu, nami nikiongea na mbao za kitanda chake. Alisema baba yake hulitaja jina la Babu mara moja kwa mwaka, wakivuna kahawa, na huwa halimalizii. Halafu akasema baba anakuja siku ya wazazi.

Alikuja. Uwanja ulikuwa umejaa wazazi na mifuko ya karanga, na Asimwe akanivuta mkono mpaka mbele yake. Nilipiga goti pale kwenye majani, nikasalimia, nikijua kabisa amenikumbuka, kwa sababu aliitikia kwa kuchelewa. Aliongea na walimu, akaongea na wazazi wenzake kutoka Rubafu, akala chakula. Nilikaa pale pale karibu kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani ambao ameshaufeli. Wakati wa kuondoka alinipita, akasimama, akanisogeza nyuma ya ukuta wa bwalo, mahali pasipokuwa na mtu. "Babu yako hajambo?" Nikasema hajambo. Aliutazama ufunguo wa gari mkononi. "Mwambie nimeuliza," akasema, akaenda.

Jioni hiyo nilimwomba matroni simu, nikapiga kwenye kitochi cha Bibi, naye akampa Babu, ambaye huishika simu mbali na sikio kama inanuka. Nikamweleza. Sikuweka mkia wowote. Upande wa pili nikasikia kuku, nikamsikia Bibi akiuliza kasema nini, kasema nini.

"Aliuliza mbele za watu," Babu akasema, "au pembeni?"

Ilikuwa rahisi kusema mbele za watu. Asingejua kamwe. Angelala usingizi siku hiyo, na pengine angekula sahani nzima, na mimi ningekuwa nimemfurahisha tena, kama Alhamisi ile.

"Pembeni, Babu."

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Basi bado," akasema. Halafu, alipokuwa anamrudishia Bibi simu, sauti ikienda mbali, "Bado kidogo."